Risasi Kwenye Kuvumwani

Nilifundisha Kiswahili upande wa Sironga kwa miaka zaidi ya thelathini, na katika muda huo wote sikumsamehe hata mtu mmoja aliyesema "kitabu yangu". Nayataja haya mapema ili msomaji ajue yuko na mtu wa namna gani. Huku kwetu Kiswahili ni lugha ya shule, ya mjini na ya kuzungumza na polisi. Nyumbani watu wanasema Ekegusii, lugha ya huku Kisii, na mtoto anapoingia darasa la kwanza inabidi aambiwe kwamba "baba", ambaye kwao ni mama, huku kwenye Kiswahili ana ndevu. Nimesahihisha insha nyingi ambamo baba alinyonyesha. Nilijiona mlinzi wa mpaka huo, na kalamu nyekundu ilikuwa ndiyo rungu langu.

Nilipostaafu nilirudi kwenye boma letu upande wa Birongo, katika nyumba ya mawe ambayo marehemu mume wangu aliijenga kwa miaka kumi na moja, akalala ndani yake mwaka mmoja, akafa. Kaburi lake liko kando ya migomba, hatua kumi hivi kutoka kwenye ua unaotutenga na shemeji yangu, mdogo wake. Nakaa na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu anayefanya kazi Nairobi. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka saba.

Mtoto huyu alianza kusoma kabla ya kupoteza jino la kwanza. Sisemi hivi kwa majivuno ya bibi, ingawa majivuno ninayo ya kutosha. Alikuwa akikaa nami mezani, ananyoosha mgongo, analamba ncha ya penseli kabla ya kila neno kama nilivyomfundisha, kisha anaandika herufi zilizosimama wima. Halafu, alipokuwa anakaribia miaka saba, zile herufi zikaanza kulala. Akachanganya "mbuzi" na "mbuni", akasahau jina la mwalimu wake, akawa mkali kwa jambo dogo. Asubuhi alikuwa anashika tumbo. "Magokoro, linanikata," aliniambia, kwa maana magokoro ndiyo bibi kwa lugha yetu, na nilimruhusu Ekegusii akiumwa. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba ni mzembe. Mchungaji alimwombea. Jirani alisema ni jicho la mtu. Nilimpa dawa ya minyoo mara tatu, na minyoo, kama ilikuwepo, ilikufa, lakini tumbo liliendelea kukata.

Mimi nilishuku moshi. Shemeji yangu ana karakana ng'ambo ya ua. Ananunua betri zilizokufa, za magari na za sola, anazipasua kwa shoka, anamwaga tindikali mtaroni, kisha anayeyusha vile vyuma vya ndani kwenye tanuri alilolijenga kwa matofali na pipa. Uji wa chuma anaumimina kwenye kalibu kuukuu za mkate alizozipata kwa mwoka mikate mmoja mjini, ndiyo maana vile vipande vya kijivu vinavyotoka anaviita mikate. Wanunuzi wanakuja na pikapu, wanavipeleka ziwani vikawe vizito vya nyavu. Tanuri likiwaka upepo unaleta moshi kwangu, na ulimi unakuwa kama umelamba sarafu.

Ungemwambia nini mtu kama yule? Alichimba kaburi la kaka yake kwa mikono yake. Kila Ijumaa jua likielekea kutua anazima moto, maana Sabato ni Sabato. Parachichi za kwanza za mti wake ziliingia jikoni kwangu kabla ya kuingia kwake. Siku moja nilijikaza nikamwambia, "Shemeji, huo moshi unamuumiza mtoto." Alicheka kwa upole. "Mwalimu, moshi ni moshi. Hata kwako jikoni si kuna moshi?" Kulikuwa na moshi jikoni kwangu. Alipoona nimenuna akaniletea zawadi, mkate mmoja mdogo uliotoka umepinda, niuweke juu ya kamusi yangu kubwa ili upepo wa dirishani usiifunge. Ulifaa sana kwa kazi hiyo. Wageni walidhani ni lile jiwe laini la vinyago la Tabaka, lililochongwa na fundi asiyejua kuchonga. Mtoto naye aliupenda, maana kona yake ilichora mstari wa kijivu kwenye gazeti.

Basi nilichotafuta ni ushahidi. Nilitaka kitu ambacho shemeji hangeweza kukicheka, na tena kitoke kwa mtu mwingine, nisije nikaitwa mjane mgomvi anayenyemelea kiwanja cha shemejiye.

Ushahidi ulikuja ukiwa umevaa gambuti. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, binti aliyekuwa akiketi dawati la mbele, sasa yuko chuo kikuu akisomea mambo ya mazingira kwa shahada ya pili. Alikuwa anazunguka Kisii na Nyamira akikusanya ule ujani mfupi unaoota kwenye mawe. Na huku haukosekani. Kwetu mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea, na ule ujani umefunika kuta, ngazi za kanisa, makaburi, na msingi wa ile zahanati iliyozinduliwa kwa shangwe na ngoma ikabaki msingi mpaka leo.

"Mwalimu, hizi mosi hazina mizizi kama ndizi," alinieleza.

"Mosi ni moja," nikamkatiza. "Tarehe mosi. Jumamosi."

"Pole, Mwalimu. Lakini ona, haivuti chakula kutoka kwa udongo. Inakula chenye inashuka kutoka juu. Mvua, vumbi, moshi. Kama hewa iko na ledi, ledi inakaa ndani yake, haitoki. Nikikata kipande nipeleke maabara, itaniambia nyinyi hapa mmekuwa mkivuta nini miaka hii yote."

Nilitazama ukuta wangu unaoelekea karakana. Ulikuwa wa kijani kutoka chini hadi dirishani. Miaka yote niliuona uchafu, kumbe ulikuwa umesimama pale ukiandika daftari. Nilimwambia habari za mtoto, naye akasema ataanza na boma langu na yote yaliyozunguka karakana. Kitu kimoja tu, alihitaji barua ya kusomwa kwenye baraza la naibu chifu ili watu wasimfukuze na mbwa. Barua ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Je, ningeweza kuitafsiri?

Ningeweza! Tangu nistaafu hakuna mtu aliyekuwa ameniomba chochote kinachohitaji kamusi. Nilikaa mezani alasiri nzima, mtoto kando yangu, kamusi wazi, mkate wa shemeji ukiishikilia kurasa. Kamusi ilisema ule ujani ni kuvumwani. Sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka katika kinywa cha binadamu, na hilo lilinifurahisha zaidi. Maneno "metali nzito" yalikuja yenyewe. Kisha nikafika kwenye ledi.

"Si tuseme tu ledi, Mwalimu?" yule binti alisema. "Watu wanaijua hivyo, kwa sababu ya betri."

"Ledi si Kiswahili," nilimjibu. "Kiswahili chake ni risasi. Watu wetu watajifunza lini kama sisi wenyewe tunawaogopa?"

Hakubishana nami. Nilimfundisha mwenyewe kutobishana.

Baraza lilifanyika Jumanne, nje ya ofisi ya naibu chifu, watu wakiwa wameketi kwenye nyasi. Naibu chifu ni mtu mwema mwenye sauti kubwa, na alikuwa amenyoosha shati lake rasmi. Alisoma barua yangu akiparamia kila neno, na alipofika "watafiti watapima risasi iliyonaswa na kuvumwani ukutani" alisimama kidogo, akairudia kimoyomoyo, akaikunja karatasi. Akaamua kuwasaidia wananchi.

"Kwa ufupi," alisema, "hii watafiti itaingia kwa kila boma kutafuta risasi."

Kisha mzee mmoja wa mstari wa nyuma akainua fimbo. "Mheshimiwa, hiyo Kuvumwani iko lokesheni gani? Kama watu ya huko wamepiganisha risasi, kwa nini itafutwe kwetu?"

Lilikuwa swali zuri. Lile "-ni" la mwisho wa neno lilimdanganya, kama lingemdanganya mtu yeyote aliyesoma vizuri matumizi ya mahali, na mimi ndiye niliyeyafundisha matumizi ya mahali katika nusu ya tarafa. Akafuata mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwanamke anayeongoza harambee zote na misiba yote. "Na kama kuna mtu ananichukia, akuje anitilie risasi kwa ukuta yangu, mimi nitasema nini?" Minong'ono ikazagaa. Kila mtu alianza kumkumbuka mtu anayemchukia, na nadhani hakuna aliyekosa.

Hapo shemeji yangu akasimama. Ametoka karakana moja kwa moja, hajanawa. Akainua mikono yote miwili juu, ya kijivu mpaka kwenye viwiko. "Mimi tangu nizaliwe sijashika risasi," alisema. "Hata kuiona na macho sijaiona. Mungu ni shahidi." Watu wakampigia makofi.

Huo ndio wakati niliotakiwa kuzungumza. Na nilizungumza. Nilisimama, nikakohoa, na watu wakageuka, maana wengi wao niliwafundisha na bado wakiniona wananyoosha mgongo. Ningesema kwamba risasi tunayoitaka ndiyo ile ledi ya betri, na kwamba kuvumwani ndiyo ule ujani wa ukutani, mambo yangekwisha hapo. Lakini masikioni mwangu ilikuwa inawasha ile "hii watafiti".

"Mheshimiwa," nilisema, "watafiti ni watu. *Watafiti hawa wataingia katika kila boma kutafuta risasi.*"

Naibu chifu alinishukuru. Watu walitikisa vichwa kwa huzuni. Tishio lilelile walikuwa wamelisikia tena, safari hii kwa upatanisho sahihi wa kisarufi, na likitoka kwa mwalimu lilikuwa limethibitishwa. Mimi niliketi chini nikijisikia vizuri. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilijisikia vizuri sana. Naibu chifu akafunga mkutano kwa agizo moja: kila mtu asafishe ukuta yake, mgeni asipate kitu yoyote.

Njiani kurudi ndipo nilipoelewa watu walikuwa wamesikia nini. Nilimkimbilia yule mwenyekiti wa akina mama nikamwambia risasi ile si ya bunduki.

"Kuna ingine, Mwalimu?"

"Risasi ni metali laini," nilianza, "ya rangi ya kijivu, isiyopitisha..." Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama walivyokuwa wakiitikia wanafunzi wangu dakika tano kabla ya chakula cha mchana. Tulipofika njia panda aliniaga na kwenda kununua brashi.

Sijaona usafi wa namna ile tangu kuzaliwa. Watu ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya mpaka wa shamba walikubaliana juu ya kuta. Wenye brashi walisugua kwa brashi, wasio nazo kwa magunzi na majivu. Dukani Jiki iliisha siku ya pili. Vijana wa kuosha pikipiki walileta mashine yao ya maji wakapiga ngazi za kanisa mpaka zikang'aa, na ule msingi wa zahanati ulisuguliwa mpaka mtu angedhani ujenzi unaanza Jumatatu. Ijumaa, ambayo kwa Waadventista ni siku ya maandalio hata bila risasi, ilikuwa vita. Usafi huu haukuwa wa hofu peke yake. Mtu wetu hawezi kukubali mgeni kutoka chuo kikuu amkute na ukuta wa kijani. Angekufa kwanza.

Mimi nilizunguka boma hadi boma nikipiga kelele kwamba ule uchafu ndio unaotafutwa. Mnaweza kufikiria nilivyopokelewa. "Ndiyo maana tunautoa, Mwalimu," waliniambia.

Nikarudi nyumbani nimechoka, nikakuta wafanyakazi wawili wa shemeji wanamalizia ukuta wangu. Aliwatuma yeye. Alijua mimi ni mjane sina mtu wa kunisugulia, kwa hiyo alizima tanuri nusu siku ili waje na brashi zao za waya, zile za kusafishia betri. Ukuta wangu ulikuwa mweupe kutoka chini hadi dirishani. Kwenye sinki la nje maji ya kijani yalikuwa yanateremka mtaroni, miaka yote ya lile daftari, na mjukuu wangu alikuwa amechutama kando akiyatazama, mkono tumboni. Nililia. Mmoja wa wale vijana alidhani ni machozi ya shukrani, akaniambia si kitu, mama.

Hata kaburi walitaka kulisugua. Akina mama walikuja sita na ndoo zao, kwa wema kabisa, wakiimba. Na hapa lazima niseme kwamba kaburi la mume wangu lilikuwa kashfa kijijini kwa muda mrefu. Saruji yake ilikuwa haionekani. Sikuwahi kulisafisha, na watu walisema mwalimu anajua ngeli zote ila hajui kumheshimu mumewe. Ukweli ni kwamba lilipoota ule ujani wa kwanza niliuacha kwa sababu ulikuwa kitu pekee chenye uhai juu yake, na nilikuwa nikipitisha kiganja juu yake jioni nikitoka kukata majani ya ng'ombe. Siku ile niliwatimua wale akina mama sita kwa fimbo. Nadhani mpaka sasa hawajanisamehe.

Jumatatu yule binti akaja na bahasha zake za karatasi na glavu. Alitembelea boma saba. Kila mahali alipokewa kwa chai na kuonyeshwa kuta. "Angalia yote," walimwambia, "hakuna kitu." Alipofika kwangu alikuwa na uso wa mtu anayehesabu miezi ya kazi iliyopotea. Nilimpeleka kwenye kaburi.

Alichuchumaa. Akalitazama, kisha akaniangalia mimi. "Mwalimu, nikichukua hapa itabaki alama."

"Chukua," nilimwambia. "Yeye alikuwa mtu wa kusema ukweli."

Alikata vipande vitatu kwa kisu kidogo, akavitia kwenye bahasha tatu, akaandika nje kwa penseli. Kipande cha kulinganisha alikwenda kukichukua Ikonge, kwa dada yangu, kwenye mawe ya shamba la chai. Barua yangu haikuwa imefika Ikonge, kwa hiyo kuvumwani ya huko ilikuwa salama.

Majibu yalichukua miezi. Alinipigia simu mchana mmoja nikimenya ndizi. Alisema kuvumwani ya Ikonge ilikuwa na risasi kidogo sana, na alilitamka neno "risasi" vizuri, kwa ajili yangu. Ya kaburini, alisema, maabara waliipima mara ya pili wakidhani mashine imekosea. Kisha akaongeza jambo ambalo nilipaswa kulifikiria mwenyewe: "Mwalimu, ujani unasema habari ya hewa. Hausemi habari ya mtoto. Mpeleke apimwe damu."

Tulikwenda hospitali mjini Kisii. Damu ilitolewa, ikapelekwa Nairobi, maana hapa haipimwi. Tuliporudi kwa majibu daktari alikuwa kijana mpole, akatuketisha. Damu ilikuwa na risasi, na si kidogo. Alisema ikiwa haongezewi nyingine mwili utaitoa polepole, na tumbo litatulia. Kuhusu kichwa, kusoma, kukumbuka, hakutaka kuniahidi chochote. Nilimshukuru kwa kutoniahidi.

"Moshi ni sababu moja," alisema, "lakini hiki kiwango ni kikubwa. Mama, nyumbani kuna kitu chochote cha ledi, chenye mtoto anashika, ama anatia kwa mdomo?"

"Kwa Kiswahili ni risasi, daktari," nilisema.

"Sawa, mama. Kuna risasi?"

"Nyumbani kwangu hakuna risasi. Hata kuiona sijaiona."

Niliyasema hayo nikiwa nimenyoosha mgongo. Daktari aliandika.

Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Nilitaka kwenda kwa shemeji siku hiyohiyo, na kwa kuwa alikuwa ameapa mbele ya lokesheni nzima kwamba hajashika risasi, nilikusudia kumfungulia kamusi nimsomee kwa sauti. Niliingia ndani hata bila kuvua viatu. Kamusi ilikuwa mezani, wazi, na mkate ulikuwa umelala juu ya ukurasa. Niliinua mkate ili niichukue kamusi.

Ulikuwa mzito mkononi. Nilisimama nao. Mkono wangu ulijua kabla yangu, halafu macho yakafuata, yakashuka kwenye ile kona iliyokuwa inachora mistari kwenye magazeti. Kona ilikuwa imeliwa. Chuma kile ni laini, ndivyo nilivyokuwa nikimwelezea mwenyekiti wa akina mama njiani, na kwenye ulaini ule palikuwa na alama ndogo, mbili juu na mbili chini, za meno ambayo mengine nilikuwa nimeyatupa mwenyewe juu ya paa yalipong'oka.

Nikamwita. Alikuja akaona nimeshika nini, akaanza kurudi nyuma.

"Ulikuwa unafanya nini na hii?"

"Kuandika, Magokoro."

"Na meno?"

"Nilikuwa nalamba, halafu naiuma kidogo ikue na ncha. Wewe ulisema ukilamba inaandika nyeusi."

Nilimkumbatia nikamwambia hajafanya kosa lolote. Nilimnawisha mikono, nikamnawisha tena, nikamnawisha mara ya tatu mpaka akasema inatosha. Kisha nikaufunga mkate ndani ya mfuko wa plastiki, nikachukua kamusi kwapani, nikavuka ua.

Shemeji alikuwa anapasua betri. Aliponiona aliweka shoka chini na kunitafutia kiti. Sikuketi. Ile hotuba yangu ilikuwa imenitoka yote. Nilimwonyesha ule mfuko.

"Shemeji, hii inaitwaje?"

"Si ni ledi. Nilikupatia mimi mwenyewe."

"Na kwa Kiswahili?"

Alitabasamu, akidhani ni yale maswali yangu ya kawaida. Akafikiri. Akasema hajui, ledi ni ledi. Nikafungua kamusi nikamwonyesha neno, nikamwambia risasi waliyokuja kuitafuta ni hii, na kwamba imo kwenye kaburi la kaka yake, na imo kwenye damu ya mtoto. Kisha nikamwonyesha kona. Alivua glavu. Akaweka ncha ya kidole kidogo kwenye alama ya jino, juu ya plastiki, na kidole hakikuingia, maana jino lilikuwa dogo. Alitazama mikono yake, ile aliyoiinua barazani.

"Mimi sikujua," alisema. "Haki ya Mungu, Mwalimu, sikujua hiyo neno. Na wewe? Wewe ulijua?"

Hiyo neno. Nilisikia, na sikusahihisha.

"Neno nililijua," nilimwambia.

Alizima tanuri siku ile kwa ndoo za maji, na ilikuwa Jumatano, si Ijumaa. Hajaliwasha tena. Ule ujani umeanza kurudi ukutani kwangu, na naibu chifu ameniuliza mara mbili watafiti wanarudi lini, ili watu wajiandae mapema. Mtoto tumbo limeacha kumkata. Anasoma tena, kidole chini ya neno, anasimama mbele ya "mbuni" kwa muda mrefu, midomo ikijaribu, akiniangalia. Zamani nilikuwa nasahihisha kabla mtu hajamaliza sentensi. Sasa naketi kando yake, mikono mapajani, nangoja.